Vikofia vya rimu visiibiwe: gundi, alama na mahali pa kupaki

Kikofia cha katikati ya rimu, kile kiduara chenye nembo ambacho mafundi wengi hukiita kepu, kinashikiliwa na klipu za plastiki na waya mmoja mwembamba wa duara. Kwa kawaida hakina skrubu wala nati. Kibaka mwenye bisibisi bapa anamaliza gurudumu moja kwa sekunde chache, amechuchumaa kama mtu anayefunga kamba za viatu, na alamu hailii kwa sababu inalinda milango na mtikisiko mkubwa. Asubuhi unakuta matundu manne meusi.

Anachofuata ni nembo. Vikofia vya Crown, Mark X, Harrier, Subaru, BMW na Mercedes vinauzika upesi kwa kuwa kila aliyepoteza kimoja anahangaika kutafuta kimoja, si seti nzima. Kwa hiyo kuna kazi mbili tu za maana: kikofia kisitoke bila kufungua gurudumu, na kikitoka kisiwe na soko. Taa za nje, mlinzi na kamera vinasaidia, lakini vinakuja baada ya hizo mbili.

Angalia kwanza kama kimeibiwa au kimeanguka

Baadhi ya vikofia vinavyodhaniwa kuibiwa vimeanguka barabarani. Chutama, washa tochi, tazama ukingo wa tundu la rimu. Kilichobanduliwa huacha alama ya bisibisi: mkwaruzo mfupi au kibonyeo kwenye rangi, mara nyingi sehemu moja tu, na aluminiamu inang'aa kwa kuwa mkwaruzo ni mpya. Kilichoanguka chenyewe hakiachi mkwaruzo, ila ndani ya tundu utakuta vipande vya klipu zilizovunjika, au waya wa duara umebaki peke yake.

Sababu za kuanguka ni mbili. Joto la breki hukausha plastiki mwaka hadi mwaka mpaka klipu zinakatika kwa kugusa tu shimo la barabarani. Ukiona shina la klipu limekuwa jeupe, ufa umeshaanza. Ya pili ni kutu kwenye waya. Magari ya Dar, Tanga, Mombasa na Unguja yanavuta hewa ya chumvi, na waya ukishaliwa na kutu haubani tena. Kikofia kikicheza ukikisukuma kwa kidole, hicho hakimhitaji mwizi. Hivyo kabla ya kufikiria gundi, kagua vyote vinne na ubadilishe kilichochoka, kwa sababu gundi juu ya klipu mbovu itakuangusha.

Jua chako kimefungwaje

Rimu za aluminiamu za magari madogo karibu zote zina vikofia vya kubana kwa mbele. Hivi ndivyo vinavyoibiwa, na sehemu kubwa ya maelezo haya inavihusu.

Aina nyingine huingizwa kutoka nyuma ya rimu kabla gurudumu halijafungwa. Utaitambua kwa kuwa nyuma ina ukingo mpana kuliko tundu, na ni ya kawaida kwenye pikapu na rimu nyingi za 4x4. Hiyo haitoki kwa mbele hata mtu akichokonoa usiku kucha, labda aivunje. Kama unayo, ulinzi wa kikofia ni ulinzi wa gurudumu lenyewe. Ruka hadi sehemu ya nati za kufuli.

Aina ya tatu inafungwa kwa skrubu ndogo, hasa kwenye rimu za kununua dukani. Skrubu hizo huwa za alenki (zenye tundu la pembe sita), na alenki kila mtu anayo. Badilisha ziwe za kichwa cha nyota chenye kijiti katikati, ambazo bisibisi yake haimo kwenye mfuko wa kibaka. Nenda na skrubu ya zamani dukani, ulinganishe unene na urefu, usikisie. Na usitie ile gundi ya kimiminika ya kuzuia nati zisilegee: ikigusa plastiki ya kikofia huifanya ipasuke nyufa ndogo ndogo. Tone la silikoni chini ya kichwa cha skrubu linatosha.

Kukaza kikofia cha kubana kwa silikoni

Kwa maoni yetu hii ndiyo njia bora kwa gari la kawaida: gharama ndogo, haionekani, na siku ukitaka kukitoa unakitoa kikiwa kizima. Siri yake ni kwamba kwa mbele kikofia hakitikisiki, lakini kwa nyuma, gurudumu likiwa limevuliwa, unaweza kukisukuma.

Muda ni muhimu. Fanya kazi hii baada ya kubadilisha tairi na kufanya balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu), si kabla. Mashine nyingi za balansi hupitisha mhimili katikati ya tundu la rimu, kwa hiyo kikofia lazima kitoke. Ukikigandisha leo na kwenda balansi wiki ijayo, fundi asiyejua atachukua bisibisi na kukibandua kwa mbele kwa nguvu, na utapoteza kikofia na rangi ya rimu kwa mpigo mmoja.

Vifaa: jeki na stendi, spana ya magurudumu, kabari mbili, spiriti, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, msasa namba 400, brashi ndogo ngumu, tepe ya karatasi ya wapaka rangi, mpini wa ufagio uliokatwa wa sentimita 20 hivi, na tyubu moja ya silikoni. Ile silikoni ya gasketi ya injini, ya kijivu au nyeusi, inafaa, mradi isiwe na harufu kali ya siki. Yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, na tindikali hiyo hula waya wa kikofia. Tyubu moja inatosha magurudumu yote manne na kubaki.

Subiri rimu ipoe hadi uweze kuishika bila kusita. Paki sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka kabari kwenye gurudumu la kona iliyo mkabala. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Vua gurudumu moja tu. Ukivua mawili unajiongezea hatari bila faida.

Lilaze gurudumu juu ya mbao mbili au tairi la akiba, uso ukitazama chini na nafasi ikiachwa kikofia kitoke. Kisukume kwa mpini kutoka nyuma ukizunguka karibu na klipu, pembeni. Usisukume katikati: hapo plastiki ni nyembamba, itapinda, na nembo yenyewe inaweza kuchomoka.

Sasa safisha. Utakuta vumbi jeusi la breki limegandamana kwenye mfereji ambamo klipu hukaa. Ondoa kwa brashi kavu, kisha futa kwa spiriti mara mbili, ukigeuza kitambaa. Vumbi hili ndilo adui wa kazi yote. Silikoni iliyowekwa juu yake inashika vumbi, haishiki rimu, na baada ya mwezi kikofia kiko huru tena huku wewe ukiamini kimeganda. Pitisha msasa kidogo kwenye ukuta wa ndani wa tundu na upande wa nje wa klipu, mradi mng'ao upungue, halafu futa tena. Waya wa duara ukiwa umelegea, utoe, ufungue kwa vidole kidogo kidogo ncha zake ziachane milimita 2 au 3 zaidi, uurudishe. Ukizidisha, klipu zitakatika unapobonyeza.

Weka matone manne ya silikoni, kila moja ukubwa wa punje ya hindi, kwenye ukuta wa ndani wa tundu kwa umbali sawa. Tone likae nyuma ya ukingo wa mbele, pale klipu itakapopita, ili likibanwa lienee kuelekea ndani na si kufurika usoni pa rimu. Wengi hupaka duara zima wakidhani wanaongeza nguvu. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita 2 hadi 3 kwa siku. Duara nene lililofunikwa pande zote linabaki bichi katikati kwa siku nyingi. Pia linaziba njia ya maji, na siku ya balansi utalilia.

Bonyeza kikofia kwa kiganja, nguvu ienee sawa, mpaka usikie klipu zote zimeingia. Geuza nembo isimame wima kulingana na tundu la kujazia upepo kabla silikoni haijaanza kushika, maana una kama dakika 10 tu. Iliyofurika ifute kwa kitambaa chenye spiriti papo hapo. Bandika vipande viwili vya tepe kuvuka kikofia, uliache gurudumu lilale uso ukitazama juu kwa saa moja, ndipo ulirudishe.

Kaza nati kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa nyota, kisha kwa spana gari likiwa limeshuka. Kwa Vitz, IST na Corolla za nati za 12 x 1.5 (unene wa uzi na nafasi kati ya meno yake, kwa milimita), kipimo cha nguvu ya kukaza ni Nm 103. Spana ya kawaida ikirefushwa kwa bomba inapita hapo kwa urahisi, na nati iliyokazwa kupita kiasi ni balaa ukipata pancha usiku. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kama ipo. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

Acha saa 24 bila kuosha gari wala kukimbiza barabara kuu. Kisha toa tepe, jaribu kuingiza ukucha kwenye ukingo wa kikofia. Kikisogea hata kidogo, tone moja halikushika. Afadhali urudie sasa.

Kukitoa baadaye: vua gurudumu, lilaze kama mwanzo, pitisha wembe mrefu au kisu chembamba kutoka nyuma ukate matone, kisha sukuma kwa mpini ukizunguka. Mabaki ya silikoni yanakunika kwa kucha.

Gundi za kuepuka zinajulikana kwa madhara yake. Supa gluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye nembo na rimu, na ikikauka ni ngumu kama kioo, kwa hiyo mtikisiko unaipasua. Gundi ya viatu inalainika kwa joto la breki, na kimiminika chake huyeyusha plastiki ya kikofia. Epoksi inashika kweli, ila haiachii. Siku utakapohitaji kutoa kikofia utakivunja.

Jambo moja tusilolilegeza: usiweke kitu chochote kati ya sehemu ya rimu inayolalia habu (kitovu cha gari kinachobeba gurudumu) na habu yenyewe. Wapo wanaofunga kikofia kwa kipande cha bati au washa pana kwa nyuma. Kipande hicho kikigusa uso wa habu hata milimita moja, gurudumu halikai sawa, nati zinalegea zenyewe njiani, na hapo suala si kikofia tena.

Vifuniko vikubwa vya plastiki vya rimu za chuma

Hivi vinafunika rimu nzima na vinaibiwa kwa mkono mtupu. Dawa yake ni tai za plastiki za kufungia nyaya: nyeusi, upana wa milimita 4.8, urefu wa sentimita 30, tatu kwa kila gurudumu. Chagua nyeusi kwa sababu zile nyeupe hupauka na kukatika juani baada ya miezi michache.

Pitisha tai kwenye tundu la kifuniko, izunguke kipande cha chuma kati ya matundu mawili ya rimu, irudi mbele. Kichwa cha tai kikae ndani ya tundu la kifuniko, kisielekee nyuma, kwani kwenye rimu ndogo za inchi 13 na 14 kalipa ya breki ipo karibu sana na rimu na itakikwangua. Kaza kwa koleo, kata mkia usawa wa kichwa. Usipitishe tai juu ya tundu la upepo. Kabla ya kushusha jeki, zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima ukisikiliza. Mkwaruzo wowote maana yake tai imegusa kalipa.

Zipo pia tai za chuma kisichoshika kutu, na kibaka mwenye wembe hawezi kuzikata. Tatizo ni kwamba nawe hutazikata bila koleo ukipata pancha. Ukizitumia, weka koleo kwenye buti pamoja na tai kumi za akiba. Waya wa kufungia nondo usiutumie kabisa: unashika kutu, unachubua rangi ya rimu, na ncha zake zinamchana fundi pancha.

Alama inayoua soko

Wenye magari Dar na Nairobi wamezoea kuchora namba ya gari kwenye saiti mira, taa na vioo. Vikofia vya rimu husahaulika, nao ndio rahisi kuchora kuliko vyote. Kwa kuwa Tanzania na Kenya namba hukaa na gari hata likiuzwa, alama haimsumbui mnunuzi wa baadaye.

Chora sehemu mbili. Nyuma ya kikofia tumia kalamu ya kuchonga au ncha ya chuma cha kulehemu nyaya, herufi za milimita 5, ukigusa na kuinua haraka. Plastiki ni nyembamba na ukikawia utatoboa. Mbele, chora kwa kalamu ya kuchonga tu, herufi za milimita 3, kwenye ukingo wa duara na si juu ya nembo. Kisha paka rangi ya kucha nyeupe juu ya herufi, subiri nusu dakika, futa uso kwa kitambaa kikavu. Rangi inabaki ndani ya mchoro pekee na namba inasomeka ukiwa umesimama. Huo ndio mchoro unaofanya kazi kabla ya wizi, kwa sababu kibaka anauona kabla hajachomoa bisibisi. Wa nyuma unafanya kazi baadaye, wa mbele ukishasuguliwa.

Usichore kimoja ukaacha vitatu. Piga picha vyote vinne vikiwa kwenye gari na namba ya gari ikionekana, uihifadhi. Wizi ukitokea, picha hiyo ndiyo inayofanya maelezo yako polisi yawe na uzito unapochukua namba ya taarifa ya polisi, yaani RB, au OB kwa Kenya.

Nati za kufuli

Nati ya kufuli haifunguki bila ufunguo wake maalum. Moja kwa kila gurudumu inatosha kuzuia gurudumu zima, na pamoja na kikofia cha kuingia kwa nyuma au kilichogandishwa unakuwa umefunga njia zote mbili. Angalia umbo la sehemu ya nati inayolalia rimu: rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni, na baadhi ya rimu za Toyota za kiwandani zinataka nati yenye washa bapa. Ukikosea, nati inaonekana imekaza kumbe imegusa sehemu ndogo tu, na italegea. Ufunguo wake uweke sehemu moja isiyobadilika ndani ya gari, na umwonyeshe kila anayeliendesha.

Pale vinapopotelea mara nyingi

Sehemu ya kuoshea magari na kwa fundi pancha ni pa kuangalia kuliko mtaani usiku, kwani hapo kikofia kinatolewa kihalali na kisirudi. Hesabu vinne mbele ya fundi unapokabidhi gari, hesabu tena kabla ya kulipa. Vikitolewa kwa ajili ya balansi, viweke kwenye kiti cha mbele, si sakafuni.

Mtaani, paki upande mmoja ukikaribia ukuta, sentimita 30 hivi: vikofia viwili vinakuwa nje ya mkono wa mtu. Siku nyingine geuza gari ili vile vingine vipate zamu, hasa kama bado hujagandisha.

Kwa anayepaki nje kila usiku na ana vikofia vya bei kubwa, ushauri wetu ni kuvitoa. Nunua seti isiyo na nembo, nyeusi au ya kijivu, uifunge. Vya asili viweke ndani kwenye mfuko. Gari halipotezi chochote kwenye mwendo, vumbi halipati njia, na hakuna wa kuvutiwa na kiduara kitupu.

Kununua kingine

Usichukue kimoja cha bei ya kutupa kutoka kwa mtu anayetembeza mkononi. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na kila kinachonunuliwa hivyo ndicho kinachomrudisha kibaka kwenye magari ya mtaa huohuo.

Pima vipimo viwili kwa vernia (kipimo cha taya): kipenyo cha uso, na kipenyo kwenye klipu. Wauzaji husema cha kwanza tu. BMW nyingi ni milimita 68 usoni na karibu 65 kwenye klipu, Mercedes 75 usoni, Toyota nyingi 62, Subaru 60, Honda 69, Nissan 54. Hivyo ni vya kuanzia tu, kwani aina moja ya gari inaweza kuwa na rimu tofauti kwa miaka tofauti, na rimu ya kununua ina kipimo chake. Kama tundu li wazi, pima ndani ya mfereji ambamo klipu hushika, si kwenye mdomo. Klipu ikipungua milimita moja kitacheza. Ikizidi milimita moja hakitaingia, na anayekilazimisha kwa nyundo ya mpira atavunja klipu mbili za kwanza kabla hajagundua. Kijaribu kwanza bila silikoni, kwenye gurudumu lililovuliwa, ukisukume kitoke kwa mpini angalau mara moja, ndipo ufungue tyubu.